Droni za doria porini: anayesakwa ni jangili, anayerekodiwa ni kila mtu

Nyayo Mbichi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila habari ya droni hifadhini inasimuliwa kwa namna moja: majangili wana bunduki na giza, askari wana buti na tochi, sasa askari wamepewa jicho la angani, tupige makofi. Mimi makofi napiga, ila nina swali. Jicho hilo likishapaa, linamwona nani zaidi ya jangili? Na kilichoonekana kinakwenda kukaa wapi?

Naandika kirefu. Wale wa "fupisha mkuu" mtanivumilia.

Nianze na haki ya wahifadhi, maana wanayo. Afrika Kusini mwaka 2007 majangili waliua faru 13. Mwaka 2014 waliua 1,215. Ukiwa ndiye msimamizi wa hifadhi na hesabu inakupandia hivyo, mtu yeyote akibisha hodi na kitu kinachoruka utamfungulia. Na walibisha wengi. Desemba 2012 Google iliipa WWF, shirika la kimataifa la uhifadhi, dola milioni 5 kwa ajili ya teknolojia za kupambana na ujangili, na mwaka huohuo droni ndogo za kurusha kwa mkono zilijaribiwa Chitwan, Nepal. Aprili 2013 zikaruka Kaziranga, Assam, India, wanakoishi faru wa pembe moja wengi kuliko mahali pengine popote duniani. Baada ya hapo ikawa hifadhi isiyo na droni inaonekana imelala.

Kwa ambao hawajawahi kukaa mbele ya kioo cha kamera ya joto: picha haina rangi wala sura. Ardhi ni ya kijivu, chenye joto ni doa jeupe. Saa kumi alfajiri, ardhi ikiwa imepoa, mtu anaonekana wazi hata mikono inavyocheza anapotembea. Saa saba mchana mwamba uliopigwa na jua nao una joto lake, mtu anapotelea humo humo. Chini ya msitu mzito huoni kitu. Mitego ya nyaya ndiyo kabisa, haina joto, na bado inaua wanyama kila siku. Droni ndogo ya panga nne inakaa hewani nusu saa, ikizidi sana dakika arobaini, kisha inarudi kubadilishiwa betri. Kwa hiyo hata kazi iliyonunuliwa kuifanya, inaifanya kwa kuchagua saa na mahali.

Turudi kwenye doa jeupe. Doa halisemi kama limebeba bunduki, shoka au mzigo wa kuni. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California wakishirikiana na Air Shepherd, mradi wa kurusha droni dhidi ya ujangili, walitoa programu ya akili mnemba iitwayo SPOT, inayopitia video za kamera ya joto usiku na kuweka alama: huyu mtu, huyu mnyama. Ni msaada mkubwa kwa askari aliyechoka kutazama kioo. Lakini jangili na mchunga ng'ombe aliyepotelewa na ndama, mbele ya programu hiyo, wanapata alama moja. Anayeamua yupi ni yupi ni binadamu aliyeko kwenye chumba cha operesheni, na binadamu huyo ana chuki zake, ana uchovu wake, na anaijua familia fulani ya kijiji fulani "ndio zao".

Sasa twende Corbett, India, hifadhi ya simbamarara. Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Novemba 2024 Trishant Simlai na Chris Sandbrook wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha utafiti juu ya kamera na droni katika hifadhi hiyo. Simlai alitumia miezi 14 huko na kuhoji watu 270 wanaoishi kuizunguka, wakiwamo wanawake wengi. Wanawake wale wanaingia msituni kuokota kuni na kukata majani, na sheria inawaruhusu. Msituni pia ndipo wanapopumua: huko hakuna mume mlevi, hakuna wa kuwasimanga, wanaongea yao na kuimba nyimbo zao.

Zikafungwa kamera kwenye miti, za kuwanasa wanyama wanapopita. Moja ikamnasa mwanamke akijisaidia. Picha ile ikasambazwa kwenye magrupu ya Facebook na WhatsApp ya hapohapo, kwa makusudi ya kumdhalilisha. Wanakijiji wakazivunja kamera za msitu wa karibu na kuzitia moto. Na droni je? Watafiti wanaeleza kuwa askari wa msitu walizirusha juu ya wanawake kwa makusudi, kuwatisha watoke, ingawa kuokota kuni ni haki yao.

Kuna jambo dogo humo ambalo mimi lilinikaa kichwani kuliko hata ile picha. Wanawake wale walizoea kuimba na kuongea kwa sauti msituni ili mnyama awasikie akae mbali. Baada ya kamera kuja, wakaanza kunyamaza. Wengine wakahamia sehemu wasizozijua, ndani zaidi, kukwepa kuonekana. Mmoja wa waliohojiwa aliuawa baadaye na simbamarara.

Hoja yangu ni moja: kanuni za droni porini zinaandikwa kwa kumfikiria jangili, wakati sehemu kubwa ya kinachorekodiwa ni watu wasio majangili. Kanuni ianze na hao.

Nawasilisha. Karibuni mnipinge.

---

Kobe wa Mawe

Mkuu umeandika vizuri ila unatetea kitu kisichokuwepo. Porini kuna faragha gani? Hifadhi ni mali ya umma, ukiingia bila kibali umeshavunja sheria, ukiingia na kibali umekubali masharti. Faragha ni nyumbani kwako, mlango umefungwa. Asiye na la kuficha droni haimsumbui.

---

Mama Tausi

@Kobe wa Mawe, kaka yangu, hilo ni jibu la mtu ambaye maisha yake yote amejisaidia kwenye choo chenye mlango. Yule mwanamke wa Corbett alikuwa anaficha nini? Bunduki?

---

Nyayo Mbichi

Dada Tausi umenirahisishia.

Mkuu Kobe, swali lako la faragha mahali pa wazi mahakama zimelihangaikia miaka mingi, na hujasimama peke yako. Marekani mwaka 1984, kesi ya Oliver, Mahakama ya Juu ilisema viwanja vya wazi havina ulinzi ule wa nyumba, polisi wanaweza kuingia na kutazama bila hati ya mahakama. Mwaka 1986, kesi ya Ciraolo, wakaruhusu polisi kutazama ua wa mtu kutoka kwenye ndege futi 1,000 juu. Mwaka 1989, kesi ya Riley, helikopta futi 400. Ukisimamia hapo, umeshinda.

Lakini mwaka 2001 ikaja kesi ya Kyllo. Maofisa walikaa kwenye gari barabarani, wakaielekezea nyumba ya mtu kamera ya joto, wakaona ukuta mmoja una joto kupita kiasi, wakahisi taa za kuoteshea bangi. Mahakama hiyohiyo, kwa kura tano kwa nne, ikasema kumulika nyumba kwa chombo ambacho raia wa kawaida hana ni upekuzi, na upekuzi unataka hati. Kamera yenyewe ndiyo hiihii tunayoifunga kwenye droni za doria. Sasa niambie: hema la mfugaji aliyelala na wanawe pembezoni mwa hifadhi ni kiwanja cha wazi au ni nyumba? Mimi nasema ni nyumba. Rubani akipita juu yake saa kumi alfajiri hana hati ya mtu yeyote.

Na hiyo ya "kibali", hifadhi nyingi duniani si uzio mmoja. Kuna eneo la ndani, kuna ukanda wa nje ambako watu wana haki ya kuchunga, kuokota, kupita, hata kuishi. Droni haijui mpaka ule ukoje, na upepo ukivuma hata rubani hajui vizuri.

---

Kobe wa Mawe

Sawa, la hema nimekuelewa. Ila bado unanipa mifano ya wanakijiji tu. Mtalii wa kawaida, mpanda milima, yeye ana shida gani?

---

Nyayo Mbichi

Machi 2020, mwanzoni mwa corona, polisi wa Derbyshire nchini Uingereza walirusha droni juu ya Peak District, hifadhi ya taifa yenye milima, wakarekodi watu wanatembeza mbwa na kupiga picha milimani, kisha wakaiweka video mtandaoni kuwaonya wengine kwamba safari zile hazikuwa za lazima. Hapakuwa na jangili wala faru. Jonathan Sumption, jaji mstaafu wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, aliwashukia hadharani. Miezi miwili baadaye, Mei 2020, Ufaransa, Conseil d'État, mahakama ya juu kabisa ya mambo ya utawala, iliamuru polisi wa Paris waache kutumia droni kusimamia masharti ya corona, kwa sababu chombo kinachoweza kumtambua mtu kilikuwa kinaruka bila kanuni za kulinda taarifa zake.

Angalia mtiririko ulivyo. Chombo kinanunuliwa kwa sababu moja nzito ambayo hakuna wa kuipinga. Kikishakuwepo kabatini na betri imejaa, sababu nyingine hazikosekani.

---

Rubani wa Chini

Naomba niingie, mimi nimerusha hizi kitu kazini, sitasema wapi.

Mleta uzi ana pointi lakini kuna upande hajaugusa. Kabla ya droni, ukisikia mlio wa risasi usiku unakwenda kwa miguu kwenye giza kwa watu wenye silaha usiojua wako wangapi. Droni ikitangulia unajua wako watatu, wamekaa chini ya mti, mmoja yuko mbali kidogo analinda. Hilo limewaokoa wenzangu, na si mara moja. Tembo pia: Tanzania, pembezoni mwa Tarangire na Serengeti, droni zilijaribiwa kuwaondoa tembo mashambani na wakatoka, mlio wa zile panga hawaupendi kabisa. Mkulima aliyeokolewa mahindi yake haulizi habari za faragha.

Kazi yenyewe ilivyo: unakaa nyuma ya gari, umejifunika koti kichwani ili mwanga wa kioo usikusaliti, mbu wanakumaliza, vidole vimeganda kwenye rimoti. Mwenzako anahesabu dakika za betri. Ikibaki asilimia 30 unarudisha, hata kama umeona kitu, maana upepo wa kurudi hujui ukoje. Katikati ya hapo unaona mengi ambayo hukuyafuata. Watu wawili wamejitenga kichakani, na si wa kuwinda. Tulikuwa tunageuza kamera. Wengine hawageuzi, wanaita wenzao waje waone, cheko. Nasema ukweli.

---

Mama Tausi

Asante kwa ukweli, kaka Rubani. Sasa ile rekodi ya hao wawili ilikwenda wapi baada ya cheko?

---

Pori Halilali

Naongezea la wanyama kwa kifupi maana kila mtu anaongelea watu. Minnesota, Marekani, mwaka 2015 watafiti waliwapandikiza dubu weusi vipima moyo, kisha wakarusha droni juu yao. Dubu wengi hawakukimbia, kwa macho ungesema hawajali. Vipima moyo vikasema vingine: mmoja mapigo yalipanda kwa zaidi ya 100 kwa dakika juu ya kawaida yake. Kwa hiyo hata "mnyama hasumbuki" tulipime, tusiliseme tu.

Turudi kwa watu. Mleta uzi, je jamii zenyewe zikishika hizo droni?

---

Nyayo Mbichi

@Pori Halilali hilo la dubu zuri sana.

Jamii kushika droni: ndiyo, na mfano upo. Wauru-Eu-Wau-Wau, wenyeji wa asili wa Rondônia, Brazil, mwaka 2019 walifundishwa kurusha droni na shirika la Kanindé pamoja na WWF, wakaanza kutafuta wenyewe sehemu ambazo wavamizi wamekata msitu ndani ya ardhi yao. Chombo ni kilekile, kinaruka urefu uleule, lakini anayechagua kirushwe wapi ni mwenye kupoteza msitu ukikatwa, na akimrekodi shangazi yake mtoni atakutana naye jioni. Naipenda njia hiyo kuliko zote. Sisemi inamaliza kila kitu. Kijijini nako kuna wakubwa na wadogo, na ile picha ya Corbett ilisambazwa na watu wa hukohuko, si wageni.

---

Mwanasheria Mstaarabu

Wakuu, mnazungumza kama hakuna sheria. Sheria zipo. Kenya wana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na kanuni za droni za 2020. Tanzania wana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ulaya, droni yoyote yenye kamera, ukiacha zile za kuchezea watoto, mwendeshaji wake lazima ajisajili, hata kama ina uzito chini ya gramu 250, na sababu ni hiyohiyo ya faragha. Marekani, tangu Juni 2014 huduma ya hifadhi za taifa imepiga marufuku wageni kurusha droni ndani ya hifadhi zake, adhabu inafika miezi sita jela na faini ya dola 5,000. Tatizo liko wapi?

---

Nyayo Mbichi

Mheshimiwa, tatizo liko kwenye huo mfano wako wa mwisho. Waraka uleule wa 2014 uliomzuia mgeni uliiachia hifadhi yenyewe nafasi ya kutumia droni kwa utafiti, uokoaji, moto na usimamizi wa sheria, ikipata idhini ya ndani. Sina ugomvi na uokoaji. Ninachokuonyesha ni kwamba kanuni nyingi za droni zina meno kwa raia mwenye kidroni cha kupigia picha machweo, na kwa serikali zinakuwa fizi. Sheria za taarifa binafsi nazo ni hivyohivyo: zinamfunga mwenye duka la mtandaoni, zikifika kwenye usalama na uchunguzi wa makosa zinafungua mlango wa pembeni. Ulaya walau waliweka maelekezo tofauti mwaka 2016 kwa ajili ya polisi na vyombo kama hivyo. Sasa askari wa hifadhi ni mhifadhi au ni polisi? Asubuhi anahesabu pundamilia, usiku anakamata watu, na droni ni hiyo moja. Rekodi ya asubuhi ikitumika usiku, ni ya utafiti au ni ya upelelezi?

Watu wa uhifadhi wenyewe wameliona. Sandbrook na wenzake mwaka 2021 walichapisha misingi ya matumizi ya vifaa hivi kwa kujali watu: jiulize kwanza kama unakihitaji, shirikisha wanaorekodiwa, linda taarifa, usiweke zaidi ya unachohitaji. Ni misingi mizuri. Lakini ni ya hiari, na kitu cha hiari kwenye chumba cha operesheni saa tisa usiku hakina nguvu.

---

Kobe wa Mawe

Haya mkuu, tumekusikia unavyokosoa. Ungekuwa wewe ndiye bosi wa hifadhi, ungefanya nini kesho? Maana kuzima droni huwezi, faru wataisha.

---

Nyayo Mbichi

Nisingezima.

Ningeitisha mkutano vijijini kabla ya kurusha, niseme droni inaruka maeneo gani, saa ngapi, inatafuta nini, na nani wa kulalamikiwa. Kuna wanaosema hapo unampa jangili ratiba. Simpi. Jangili anajua doria zipo, na kusema "ukanda wa kuokotea kuni haturushi mchana" hakumsaidii anayekwenda kwenye faru usiku.

Video isiyo na kosa ndani yake ifutwe baada ya siku chache zilizoandikwa kwenye kanuni, si "ikijaa memori". Ya kosa ifungwe kama kielelezo, ihesabiwe, iwe na namba. Kurusha droni juu ya watu ili kuwatisha liwe kosa la kinidhamu lenye jina lake. Simu binafsi zisiingie chumba cha operesheni, maana picha nyingi za aibu zinatoka kwa kupiga picha kioo, hazitoki kwenye mfumo wowote. Na kitu ambacho ningekipigania kuliko vyote: rejesta ya nani alifungua rekodi gani, lini, kwa kazi gani. Siku picha ya mtu ikionekana WhatsApp, iwepo orodha ya majina ya kuanzia.

@Rubani wa Chini wewe ulikuwa ndani, hii inawezekana au naota? Na dada Tausi bado anasubiri jibu lake.

---

Rubani wa Chini

Inawezekana. Ratiba ya maeneo tungeweza, kufuta kungekuwa rahisi zaidi, simu za mkononi hapo mngegombana na kila mtu kuanzia mkubwa.

Dada Tausi, nakujibu. Memori kadi ilikuwa inanyonywa kwenye kompyuta ya ofisi, moja, nenosiri limeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa pembeni ya kioo. Faili linaitwa kwa tarehe. Safari za ndege tulikuwa tunaziandika kwenye daftari, kila moja: saa ya kupaa, saa ya kutua, betri namba ngapi, upepo, sahihi ya rubani. Mkaguzi akija anaulizia daftari hilo na anaondoka ameridhika. La nani kafungua video, halikuwepo, na sikuwahi kusikia mtu akiliulizia.